Barua ya Wazi: Mimea Ipimwe Kabla Ramani ya Jengo Haijachorwa

Kwa Waziri mwenye dhamana ya mazingira. Kwa wakuu wa taasisi inayotoa vyeti vya mazingira. Kwa Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania. Na kwa wakurugenzi wa halmashauri zenye misitu ya milimani.

YAH: KUPIMA MIMEA ADIMU KABLA YA KUJENGA KATIKA MISITU YA MILIMANI

Waheshimiwa,

Tafadhali rejeeni kichwa cha habari hapo juu.

Naandika nikiwa Dar es Salaam, mji usio na mlima hata mmoja, na najua wapo watakaouliza mkazi wa Kimara ana shida gani na misitu ya Uluguru, Udzungwa na Usambara. Kwanza ni maji. Sehemu kubwa ya maji ya bomba ya mji huu inatoka Mto Ruvu, na Ruvu unakusanya maji yake kwenye milima ya Uluguru. Mwishoni mwa Oktoba 2022, Ruvu ulipopungua na DAWASA, mamlaka ya maji ya mji huu, wakatangaza mgawo, hakuna mtaa uliohitaji kuelezwa tunautegemea mto ule kiasi gani. Pili, hatima ya misitu hiyo inaandikwa hapa hapa mjini. Tathmini ya athari kwa mazingira ya mradi wa mlimani mara nyingi huandaliwa na washauri elekezi wenye ofisi Mikocheni, Kijitonyama au Mbezi. Huchapwa hapa, hujalidiwa hapa, ndipo ipelekwe kuombewa cheti. Kazi yangu ni kuhariri taarifa hizo. Nimezisoma kwa miaka mingi, na sura ninayoifungua kwa wasiwasi kila mara ni ile ya mimea.

Ombi langu ni moja. Popote patakapojengwa kitu ndani au pembezoni mwa msitu wa asili wa mlimani, iwe mnara, barabara, nyumba za wageni, banio la maji au kituo cha umeme, mimea ya eneo hilo ipimwe kwanza, na watu wanaoijua, katika msimu inapoonekana, kabla mhandisi hajachora mstari wake wa kwanza. Isisubiri ramani ikamilike, sembuse mkandarasi aweke kambi.

Milima ninayoizungumzia wataalamu wanaiita Tao la Mashariki: safu ya milima mikongwe inayoanzia Taita, Kenya, ikapita Upare, Usambara, Nguru, Ukaguru, Uluguru na Rubeho hadi Udzungwa. Upepo wa Bahari ya Hindi umekuwa ukiinyeshea mvua hata zama ambazo sehemu nyingi za Afrika zilikauka na misitu yake ikafa. Misitu hii ikabaki, imezungukwa na nyanda kavu, na kila mlima ukakuza viumbe vyake peke yake. Ndiyo maana ipo mimea ya Uluguru usiyoweza kuikuta Usambara, na ipo inayojulikana kwenye bonde moja tu. Mmea wa namna hiyo hauna akiba mahali pengine. Ukimwaga kifusi cha maegesho ya magari juu ya mwamba unapoota, umeumaliza duniani kote.

Mmoja wa mimea hiyo dunia nzima inaufahamu bila kujua kwao ni wapi. Mwaka 1892 ofisa wa Kijerumani, Walter von Saint Paul-Illaire, aliona Usambara ua dogo la zambarau, akatuma mbegu nyumbani kwao, na mwaka uliofuata Hermann Wendland akalipa jina la kisayansi, Saintpaulia ionantha. Leo linauzwa kwenye vyungu Ulaya na Marekani. Ndugu zake wa porini bado wako huku kwetu, kwenye kingo za mawe penye kivuli na unyevu, baadhi yao katika maeneo madogo sana. Ua hilo si lazima likanyagwe ndipo life. Inatosha kukata miti iliyo juu yake, jua likashuka kwenye lile jiwe, likalikausha. Mshauri elekezi anayeandika kwamba "mradi hautagusa miamba" anaweza kuwa amesema kweli, na ua likafa vilevile.

Sasa niwaambie ninachokiona mezani. Taarifa moja iliyopita mikononi mwangu ilihusu barabara ya kuingilia na nyumba za wageni kwenye msitu wa mlimani. Sitataja mwenye mradi wala ofisi iliyoiandaa. Sura ya mimea ilikuwa fupi kuliko sura ya usalama wa wafanyakazi, na kwenye jedwali lake, kati ya miti ya kwanza kutajwa, walikuwamo mbuyu na mpingo. Yeyote aliyepanda milima ile anajua kwamba mbuyu hauoti kwenye msitu wa ukungu. Jedwali lilikuwa limetolewa kwenye taarifa ya mradi mwingine, wa nyanda kavu, likabandikwa pale na kichwa kipya. Ukaguzi wenyewe ulikuwa umefanyika Septemba, kwa siku mbili. Niliweka alama, nikauliza. Jibu lililorudi lilikuwa kwamba muda wa kuwasilisha umefika.

Hiyo Septemba iliniuma kuliko ule mbuyu. Mbuyu mkaguzi makini ataushtukia. Msimu mbaya hauachi alama yoyote kwenye karatasi.

Katika misitu hii kuna mimea isiyo na rangi ya kijani kabisa. Haina majani ya kujitengenezea chakula. Inalishwa na kuvu walio ardhini. Wakati wa mvua huchomoza juu ya majani makavu, sentimita chache tu, ikachanua, ikatoa mbegu, ikatoweka. Mmoja wao, Kihansia lovettii, ulipatikana kwenye korongo la Kihansi huko Udzungwa, na jina la jenasi yake limetokana na korongo hilo. Mtu atakayepita juu yake Septemba na daftari mkononi atarudi akaandika kwamba hakuona kitu. Atakuwa mkweli, na taarifa yake itakuwa ya uongo. Okidi nyingi nazo, zikiwa hazina ua, hata mtaalamu hawezi kuzitofautisha kwa uhakika.

Tena msidhani yanayotupita ni haya madogo tu. Mwaka 2019 wataalamu wa mimea wakiwa Udzungwa walikuta mti wasioutambua, mti unaofika mita 40 kwenda juu. Ukachunguzwa, na mwaka 2025 ukatangazwa rasmi kuwa spishi mpya, Tessmannia princeps. Unaota kwenye misitu ya hifadhi ya vijiji, ambayo wananchi wenyewe walikubaliana kuitunza. Mwaka huohuo wa 2019 ulitangazwa mti mwingine mpya, Mischogyne iddii, kutoka Amani, Usambara Mashariki, uliopewa jina la Mtanzania mtambuzi wa mimea, Iddi Rajabu. Amani imekuwa na bustani ya mimea tangu 1902. Wataalamu wa mataifa mbalimbali wamepita pale kwa zaidi ya karne, na bado mti mzima ulikuwa haujaandikwa. Kitabu kikuu cha mimea ya Kenya, Uganda na Tanzania kilianza kuchapwa 1952, kikakamilika 2012 kikiwa na spishi zaidi ya 12,000. Miti hiyo miwili ilitangazwa baada yake. Kwa hiyo mtu akiniambia ameangalia vitabuni na hapo mahali hapana mmea adimu, hajaniambia chochote kuhusu hapo mahali.

Kihansi naomba tukae kidogo, maana pale nchi yetu ilishalipia somo hili. Umeme ulihitajika, na mitambo ya Kihansi ya megawati 180 imetuwashia taa. Sina ugomvi nao. Lakini ujenzi ulikuwa umeshaanza ndipo mwaka 1996 watafiti walipomkuta, chini ya maporomoko, chura mdogo wa rangi ya manjano anayezaa watoto badala ya kutaga mayai. Aliishi kwenye eneo la takriban hekta mbili tu, lililolowanishwa usiku na mchana na rasharasha za maporomoko. Maji yakageuzwa kwenda kwenye mitambo, rasharasha zikakatika. Ikabidi yatandazwe mabomba ya kunyunyiza maji korongoni, kuiga kilichokuwa kikifanywa bure na mto. Mwaka 2000 vyura wapatao 500 wakapelekwa Marekani kutunzwa kwenye bustani za wanyama. Mwaka 2003 waliobaki korongoni wakaporomoka ghafla, na mwaka 2009 chura wa Kihansi akatangazwa kuwa ametoweka porini. Kuanzia 2010 baadhi walirudishwa nyumbani, wakatunzwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na mwaka 2012 wakaanza kurejeshwa korongoni. Hebu fikirieni gharama ya hayo yote, na mlinganishe na gharama ya kuwapeleka watu wachache wenye ujuzi kwenye korongo lile misimu michache mapema.

Habari ya chura inajulikana. Isiyosemwa sana ni kwamba korongo hilohilo lina kahawa yake ya porini, Coffea kihansiensis. Ilipewa jina mwaka 2004, miaka minne baada ya mitambo kuwashwa. Nchi inayouza kahawa ilibadilisha maji ya korongo ikiwa aina ya kahawa iliyomo humo, isiyojulikana kwingine, haijapewa hata jina. Kama kahawa, ambayo kila ofisa kilimo anaifahamu, ilitupita hivyo, ni mangapi yasiyo na soko yaliyokwisha kutupita?

Mtasema Kihansi ulikuwa mradi mkubwa na siku hizi miradi mikubwa inaangaliwa. Ni kweli, na hofu yangu kubwa iko kwa midogo. Kanuni za tathmini za mwaka 2005, kama zilivyorekebishwa 2018, zinagawa miradi kwa makundi, na mradi unaohesabiwa kuwa na athari ndogo hupita kwa maelezo mafupi. Mnara mmoja wa mawasiliano ni mradi mdogo. Vyumba vichache vya wageni na njia ya kutembelea maporomoko ni mradi mdogo. Lakini minara hupenda vilele, kama inavyoonekana pale Bondwa juu ya mji wa Morogoro, na vileleni ndiko uliko ule msitu mfupi wa ukungu, eneo dogo ambalo haliwezi kuhamia juu zaidi kwa sababu juu zaidi ni mawingu. Nyumba za wageni nazo hupenda maporomoko, na rasharasha za maporomoko ndizo zinazolea mimea isiyoota penginepo. Mradi unaweza kuwa mdogo kwa fedha na kwa mita za mraba, ukakaa juu ya makazi yote ya spishi moja. Utalii wa misitu unakua na mimi naufurahia kwa moyo wote. Natamani watoto wa Temeke na Ilala waende wakaone. Ndiyo maana naomba kigezo cha ukubwa kisitumike kabisa ndani ya misitu ya asili ya milimani.

Barabara ya kuingilia nayo ina madhara yanayobaki baada ya greda kuondoka. Mwanga ukiingia msituni, na magugu yanaingia. Usambara Mashariki wanahangaika mpaka leo na Maesopsis eminii na Clidemia hirta, mimea migeni iliyoletwa ikasambaa, na ambayo popote msitu unapofunguliwa hujaza nafasi upesi kuliko ya asili. Kwa hiyo upimaji usiishie kwenye upana wa barabara. Uende ndani ya msitu pande zote mbili.

Kazi yenyewe haina cha kutisha. Timu hufunga kamba kuzunguka kiwanja, tuseme mita 20 kwa 50. Kila mti hupimwa unene kwenye kimo cha kifua na kutajwa jina. Baada ya hapo watu hupiga magoti, na hapo ndipo kazi ilipo: kufunua majani makavu kwa vidole, kuchungulia nyufa za miamba, kutazama kwa darubini okidi zilizokaa juu ya matawi. Mmea usiojulikana hukatwa tawi lenye ua au tunda, likabanwa katikati ya magazeti, likakazwa kwa mikanda kwenye fremu ya mbao, likakaushwa juu ya jiko la mafuta ya taa. Kibandiko huandikwa palepale: tarehe, mwinuko, vipimo vya GPS, rangi ya ua, kwa kuwa itapotea likikauka, na jina la Kiluguru au Kisambaa kama mzee aliyeongoza njia analijua. Kisha sampuli inapelekwa hebaria, yaani hifadhi ya mimea iliyokaushwa, Mlimani kwenye Chuo Kikuu cha Dar es Salaam au Arusha kwenye Hebaria ya Taifa, ikalinganishwa na karatasi za miaka iliyopita, ikapewa namba, ikahifadhiwa kabatini ambako mtu yeyote wa vizazi vijavyo anaweza kuifungua.

Namba hiyo naomba mkaishike. Iwekwe kwenye hadidu za rejea, yaani maelekezo ya kazi anayopewa mshauri elekezi, kwamba kila mmea unaotajwa kwenye tathmini ya mradi wa mlimani uwe na namba ya sampuli ya hebaria, au picha yenye mahali na tarehe kwa mimea inayotambulika bila utata au isiyopaswa kung'olewa. Jedwali lisilo na namba lihesabiwe kuwa jedwali tupu na taarifa irudishwe. Hakuna kitakachokomesha kunakili majedwali haraka kama hicho, kwa sababu mbuyu wa kunakiliwa hauna sampuli.

Huyo mzee aliyeongoza njia naye ana haki yake. Misitu hii ina watu wanaotofautisha miti kwa harufu ya gome lililokwanguliwa kwa panga: waganga, warina asali, mabwana miti wastaafu, akina mama wanaojua mboga ya kila msimu. Wanaposhiriki huandikwa kwenye orodha ya mahudhurio ya mkutano wa wadau, wakapewa soda, basi. Waajiriwe kama sehemu ya timu, walipwe kama wataalamu, na majina yao, kwa ridhaa yao, yaandikwe kwenye sura ya mimea.

Kuna jambo la fedha ambalo wengi tunaojua kazi hii tunaliogopa kulisema. Leo mwenye mradi ndiye anayemchagua mshauri elekezi na kumlipa, na mshauri ndiye anayemtafuta mtaalamu wa mimea, akimtafuta. Huyo mtaalamu akipata mmea adimu katikati ya kiwanja, amemletea hasara mtu anayesubiri kusaini malipo yake. Simlaumu mtu, mpangilio ndio mbaya. Kwa misitu ya milimani, mwenye mradi aendelee kulipa, lakini fedha ya upimaji wa mimea ipitie kwenu, na ninyi mteue timu kutoka vyuo na hebaria. Taarifa ya mimea ije kwenu moja kwa moja, nakala kwa mwenye mradi.

Kuhusu kuchelewesha maendeleo: hakuna mhandisi anayemwaga zege la msingi bila majibu ya udongo, na hakuna anayemwita mpima udongo adui wa maendeleo. Mradi wa mlimani hutumia muda mrefu kutafuta fedha, hati, vibali na michoro. Masika moja na vuli moja vinaingia humo bila kumchelewesha mtu, mradi upimaji uanze siku wazo linapoanza. Unaonekana kuchelewesha kwa sababu unakumbukwa mwishoni. Tena ukifanyika mapema, mara nyingi suluhisho ni rahisi: sogeza jengo kwenye shamba la zamani nje ya msitu, pitisha barabara ng'ambo ya kijito, acha mwamba ule na kivuli chake. Nguzo zikishasimama, hakuna cha kusogeza.

Hapo ndipo huja lile neno ninalolikuta kwenye taarifa nyingi: "mimea adimu itahamishwa na kupandwa eneo lingine." Waheshimiwa, sentensi hiyo msiikubali bila ushahidi. Mmea unaolishwa na kuvu wa ardhi ileile hauhamishiki kwenye kiriba. Hata miti inasumbua. Karomia gigas, mti ulioonekana Kenya mwaka 1977 na baadaye ukadhaniwa umetoweka, ulipatikana kwetu upande wa Kilwa, na mwaka 2011 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wakaukuta tena. Imebaki miti michache, na juhudi za kuuotesha kwa mbegu zimekuwa ngumu mno, nyingi zikiharibiwa na kuvu kabla hazijaota.

Huko huko kusini kuna Erythrina schliebenii, mti wa miiba na maua mekundu. Mwaka 1998 ulihesabiwa kuwa umetoweka. Mwaka 2001 ukaonekana tena kwenye kipande cha msitu kisichokuwa na ulinzi. Mwaka 2008 msitu huo ukafyekwa kwa ajili ya shamba la nishati ya mimea, ukadhaniwa umetoweka kwa mara ya pili, hadi ulipopatikana tena mwaka 2011. Ile ni pwani, si milimani, lakini naitaja kwa sababu habari ya mti ule ilikuwepo. Wataalamu walikuwa wameshaujua. Haikuwepo njia ya kuifikisha habari hiyo kwenye meza ya aliyetoa ardhi kabla panga halijainuliwa. Hivyo naomba taarifa zote za mimea, zikishahakikiwa, ziwekwe wazi kwenye kumbukumbu moja ya taifa, isipokuwa vipimo kamili vya mahali pa mimea inayoweza kuibwa, ili mradi wa pili kwenye mlima uleule usianze kana kwamba wa kwanza haukupima kitu.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 tayari inataka tathmini itangulie mradi, kwa hiyo hamhitaji kurudi Bungeni ili kuanza. Hadidu za rejea mnazipitisha ninyi wenyewe. Naomba zitakazopitishwa kuanzia sasa kwa mradi wowote ndani au kando ya msitu wa asili wa mlimani ziwe na mambo haya: misimu ya upimaji itajwe, sampuli ziwe na namba, timu iteuliwe nanyi, na michoro ya jengo isipokelewe kabla ya taarifa ya mimea. Na kwa miradi ambayo maombi yake yako mezani leo, yale yaliyopimwa kiangazi peke yake yarudishwe yasubiri mvua.

Nawasilisha.

Mhariri wa taarifa za kitaalamu,
Kimara, Dar es Salaam